Atakayeitikia Hodi

Uvumi wenyewe niliusikia bombani, nikajaribu kuupuuza, ukakataa kuondoka. Walisema kule Mtaa wa Chini kuna mama aliagiza mchi wa kutwangia, akaletewa mpaka mlangoni, akaupokea kwa furaha, kisha akapigwa nao mpaka akafa. Aliyempiga hakuwa mwizi wala mume. Alikuwa mtumishi wa umma, anahakikisha kwamba mchi ni imara.

Nikasema watu wa bombani wana maneno. Nikajitwika ndoo yangu nikaondoka. Lakini ule mchi ukanifuata njia nzima. Nikimenya kitunguu nauona. Nikimsuka binti yangu Siwatu nauona, mpaka akaniuliza, "Mama, mbona unanivuta nywele?"

Jioni redio ya taifa ikatoa ufafanuzi. Ilisema uvumi huo ni uongo mtupu unaoenezwa na maadui wa maendeleo. Mama yule hakufa kwa mchi hata kidogo. Mchi ulivunjika kabla hajafa, na kiwanda kilichoutengeneza kimepewa onyo kali. Alimaliziwa kwa mpini wa jembe ulioagizwa na jirani yake, ambao ulithibitika kuwa bidhaa bora.

Nikatulia, maana serikali ikishafafanua jambo mtu unatulia.

*

Mama mwenzangu unayesoma haya, huenda kwenu mambo hayajafika. Ngoja nikueleze yalivyoanza, yakifika uyajue.

Siwatu ana kifafa tangu mdogo. Zamani nilikuwa nakwenda zahanati, napanga foleni kwenye dirisha la dawa, tunasukumana, tunatukanana, nesi anatukaripia, narudi na vidonge vyangu vimefungwa kwenye karatasi. Mtoto akimeza haanguki. Tulikuwa tunaona ni maisha ya shida yale. Hatukujua.

Siku moja tukaitwa uwanjani kumsikiliza Waziri wa Mizigo na Utulivu, Mheshimiwa Daktari Daktari Fumbwe. Udaktari wa kwanza aliusomea, wa pili aliletewa mlangoni. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ndugu wananchi," akasema, "nimewatazama, nikasikitika. Mnatembea. Kutwa mnatembea. Mnakwenda dukani, mnakwenda zahanati, mnakwenda mahakamani. Hivi mwananchi wa nchi hii ni mbuzi? Nauliza, ni mbuzi?"

Tukasema hapana.

"Basi kuanzia leo mwananchi akae. Asiifuate huduma. Huduma imfuate yeye. Tutakufikia, mama. Tutakufikia, baba. Hata ukijificha, tutakufikia."

Tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Wiki hiyohiyo maduka yakafungwa, dirisha la dawa pale zahanati likajengewa matofali, na magari ya kijani ya Shirika la Ufikishaji yakaanza kupita mitaani, ubavuni yameandikwa TUTAKUFIKIA kwa herufi kubwa kuliko milango ya nyumba zetu. Chumvi ikaja kwa gari la kijani. Viatu, kiberiti, barua za mahakama, vidonge, vyote kwa gari la kijani.

Kila mzigo una zamu yake. Unapigiwa simu: zamu yako ni kesho, kuanzia kupambazuka mpaka kuchwa, usisogee. Hapo unatakiwa uwe umesimama mlangoni. Chooni huendi. Wakifika wasikukute, umetenda kosa linaloitwa Kutokuwepo, na Kutokuwepo adhabu yake ni viboko. Navyo viboko, kwa kuwa serikali haitaki mwananchi atembee, unaletewa. Vina zamu yake. Usipokuwepo kwenye zamu ya viboko, vinaongezwa vya kutokuwepo kwenye viboko.

Mume wangu, Baba Siwatu, alikuwa fundi wa kuchomelea milango. Zamu ya sabuni ilimkuta kazini. Zamu ya viboko vya sabuni ikamkuta kazini. Walipompata walikuwa wanamdai viboko vya muda mrefu, na ilibidi waje kwa awamu. Sasa yuko kwa mama yake, anaendelea vizuri. Anakula amelala kifudifudi, na juzi alinitumia salamu kwamba ameanza kuwahisi nzi.

Siku ile ya mwisho ya kupigwa kwake, gari halijageuza, simu ikalia. Binti mwenye sauti nzuri kabisa: "Habari ya mchana, unaongea na Huduma kwa Mteja. Je, viboko vyako umevipata vyote na vikiwa katika hali nzuri?"

Baba Siwatu akasema vyote.

"Je, umeridhika, au umeridhika sana?"

Akasema sana. Akaniambia baadaye kwamba aliona ni vibaya kumkatisha tamaa binti wa watu.

*

Mwanzoni mizigo ilikuwa inakwenda kwa majina. Ikaleta vurugu, maana mtaani kwetu peke yake kina Mwajuma walikuwa wengi kuliko kuku, na viboko vya Mwajuma mmoja vilikuwa vinazunguka kwa wote ndipo vimpate mwenyewe. Mheshimiwa Waziri akatuita tena uwanjani.

"Jina," akasema, "mtu hupewa akiwa mchanga, hajui lolote. Lakini neno karibu hulitoa mwenyewe kwa akili zake timamu. Kwa hiyo mfikishaji atapiga hodi mara tatu. Atakayeitikia hodi ndiye mpokeaji, na kilicholetwa ni chake. Hatutaki habari ya nani aliagiza."

Sheria hiyo ikaandikwa kwenye magari, chini ya ile TUTAKUFIKIA: ATAKAYEITIKIA HODI NDIYE MPOKEAJI.

Baadaye wananchi wakalalamika kwamba vitu vinakuja vibovu. Serikali yetu ni sikivu, ikaleta Wajaribu. Kila gari likawa na watu wawili, Mfikishaji wa kupiga hodi na Mjaribu wa kuhakikisha ubora, na ubora unahakikishwa palepale, juu ya mpokeaji mwenyewe, ili asije akasema amedanganywa.

Gari la kwetu Mfikishaji wake alikuwa kijana anaitwa Tindwa, mnene kidogo, mpenda kula. Mjaribu alikuwa Sajini Lipembe, mtu mrefu, mpole, ambaye sijawahi kumsikia akitoa neno chafu. Anakupiga huku anakuomba radhi.

Chande muuza nyama aliagiza shoka. Aliitikia mwenyewe, maana alikuwa analihitaji.

"Shikamoo mzee," Sajini Lipembe akamwambia.

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba mkono, mzee. Wowote tu, usipate tabu."

Chande akadhani ni wa kusalimiana, akatoa wa kulia. Shoka lilikuwa zuri sana. Lilipita mara moja, halikuacha uzi. Alipoulizwa kama ameridhika ilibidi abonyeze simu kwa kidole gumba cha kushoto.

Tangu hapo mtaa ukajifunza kunyamaza. Hodi ikipigwa, hata iwe ya jirani anaomba moto, watu wanatazamana ndani na kushika vinywa. Tukaanza kutupiana vijiwe mlangoni badala ya kubisha. Na Tindwa naye akajifunza, maana hodi ya sauti inaleta karibu, na karibu inaleta kazi. Akawa ananong'ona. Anasimama mlangoni kama mtu anayesali, hodi, hodi, hodi, kisha anaandika Kutokuwepo na kurudi kwenye gari kumalizia chapati yake.

Mtu mmoja tu alikuwa anazisikia zile hodi na kuziitikia: Bi Mize, jirani yangu ukuta kwa ukuta, bibi mjane anayekaanga vitumbua. Masikio yake yalikuwa makali kama ya paka, na adabu yake ndiyo hiyo aliyolelewa nayo. Hodi ikipigwa popote mtaani yeye yuko nyuma ya kikaango, "Karibu, karibuni ndani." Alishapokea viboko vya fundi cherehani, viboko vya mwalimu mkuu, na godoro la watu lililojaribiwa kwa kumkalia usoni.

"Bi Mize, jizuie," nikamwambia siku moja, namkanda mgongo kwa maji ya moto.

"Najizuia, mwanangu. Inatoka."

"Ziba mdomo kwa khanga."

"Nikiziba nasikia kichefuchefu. Mtu yuko mlangoni kwako, anaomba kuingia, wewe umejikunyata ndani kama umeiba. Siwezi, Mama Siwatu. Bora wanipige."

"Watakuua."

"Wataniua nimeshawakaribisha. Aibu itakuwa yao."

*

Vidonge vya Siwatu vikaisha. Niliomba zamu mapema, nikapewa ya mbali, na katikati hapo mtoto akaanza kuanguka. Nikafunga matambara kwenye pembe za meza, jiko nikalihamishia nje, nikalala naye chini sakafuni. Alikuwa akizinduka ananitazama kwanza mikono, aone kama amenikwaruza.

Siku ya zamu nikasimama mlangoni tangu jua halijatoka. Likatoka, likapanda, likaanza kunichoma utosini. Nyuma yangu nikasikia kitu kimeanguka, nikajua ni nini. Nikakimbilia ndani. Nikamgeuza ubavu, nikamwekea khanga chini ya kichwa, nikawa namwita jina lake. Nilikuwa naita kwa sauti kubwa, na kule nje mtu alikuwa ananong'ona. Hodi ya kwanza sikuisikia. Ya pili sikuisikia.

Niliyoisikia ni sauti ya Bi Mize upande wa pili wa ukuta.

"Karibu. Karibuni, baba zangu. Mwenyewe ana mgonjwa ndani, nipeni mimi nitampa."

"Bibi umeitikia?" Huyo Sajini Lipembe.

"Nimeitikia, baba."

"Basi ni vyako."

"Si vyangu, ni vya mtoto. Vidonge vya kutuliza kifafa."

"Kwenye sheria hakuna mtoto, bibi. Kuna aliyeitikia." Nikasikia karatasi inachanwa. "Tindwa, hivi ni vya kutuliza. Tutajuaje kama vinatuliza?"

"Mpe ameze," Tindwa akasema. Alikuwa anatafuna kitu.

"Ameshatulia huyu. Ukimpa aliyetulia utapima nini? Samahani, bibi, ni utaratibu. Lazima kwanza uchafuke."

Nikasikia kofi. Nikasikia kikaango kimepinduka na mafuta yanatatarika kwenye udongo. Bi Mize akapiga kelele. "Mpe kimoja," Sajini akasema. Akamezeshwa. "Umetulia, bibi?" Bi Mize alikuwa analia. "Bado. Ongeza." Kofi, au kitu kizito kuliko kofi. "Na sasa?" Bado alikuwa analia. "Ongeza, Tindwa. Tumtendee haki."

Siwatu alikuwa bado anatikisika mikononi mwangu. Sikuweza kumwacha wala kuziba masikio, mikono yote miwili ilikuwa kichwani kwake. Waliendelea hivyo, wanapiga, wanamezesha, wanauliza kwa heshima, mpaka kule ng'ambo kukawa kimya na huku kwangu mtoto naye akanyamaza, nikawa sijui kimya kipi ni kipi.

"Ametulia," Sajini Lipembe akasema. "Dawa nzuri sana."

Nilipotoka, gari lilikuwa limeshafika kona. Bi Mize alikuwa amelala kando ya kikaango, vitumbua vimemzunguka, povu mdomoni. Pakiti ya dawa ilikuwa tupu. Nikaigeuza juu chini, nikaikung'uta, nikaangalia tena ndani, Mungu anisamehe, kabla sijamfunika uso.

Simu yake ikalia ndani ya khanga. Nikaipokea.

"Habari ya mchana, unaongea na Huduma kwa Mteja. Je, naongea na mpokeaji?"

"Mpokeaji amefariki."

"Poleni sana jamani." Binti alisikitika kweli, nilimsikia akishusha pumzi. "Basi niulize swali moja tu la mwisho. Je, marehemu angeipendekeza huduma yetu kwa ndugu na marafiki?"

*

Tulipomaliza kuzika nikaenda makao makuu ya Shirika, kwenye Dawati la Manung'uniko. Nilikwenda kwa miguu, na hilo peke yake lilinipatia makofi mawili getini.

Dawatini alikuwa bwana mmoja wa makamo, tai imembana shingo.

"Mzigo ulifika?" akaniuliza.

"Ulifika."

"Ukapokelewa?"

"Ukapokelewa."

"Ukafanya kazi?"

"Umeua mtu."

"Basi umefanya kazi kupita kiasi. Hayo si manung'uniko, mama, hiyo ni pongezi. Dawati la Pongezi ni ghorofa ya pili."

"Mwanangu hana dawa, baba. Anaanguka kila siku. Jana ameangukia ndoo ya maji, kidogo nimkose."

Akanihurumia. Akaniandikia zamu nyingine.

"Na hivyo vitakavyokuja," nikasema, "nikiitikia mimi watanimezesha vyote. Nisipoitikia wataviondoa. Mtoto atameza nini?"

"Ubora una gharama zake."

"Hakuna kitu kisichojaribiwa?"

Akafikiri. Alikuwa mtu mwema, nadhani. "Zawadi," akasema. "Mpokeaji akishapokea, mali ni yake. Akimpa mwingine zawadi, hiyo si ufikishaji tena, haituhusu. Lakini mpokeaji huwa hana muda wa kutoa zawadi. Mambo huenda haraka."

"Na anayeruhusiwa kuitikia ni nani na nani?"

Akacheka mpaka tai ikalegea. "Mama, hii ni nchi huru. Yeyote mwenye mdomo anaruhusiwa kuitikia hodi. Hata mimi. Hata Rais."

Nikamshukuru. Getini wakanipa makofi ya kutokea. Njia nzima nilikuwa nawaza: yeyote mwenye mdomo. Na nilikuwa namwona Tindwa, ambaye mdomo wake haupumziki.

*

Zamu ilipofika sikusimama mlangoni. Nilimwachia Chande mtoto. Chande ana mkono mmoja, lakini kumlaza mtu ubavu anajua, nilimfundisha.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Kuzipokea dawa."

"Watakuta mlango hauna mtu."

"Hawatafika mlangoni, Mzee Chande."

Gari lilikuwa limeegeshwa pale njia panda, kwenye kivuli cha ukuta wa shule, kama lilivyokuwa likiegeshwa kabla ya kuanza mtaa wetu. Sajini Lipembe alikuwa nyuma anapanga mizigo, anapangusa vumbi kila mmoja. Tindwa alikuwa mbele, mlango wazi, miguu nje, bakuli la wali na maharage mapajani. Alikuwa amenipa mgongo. Shingo yake ilikuwa na mikunjo kama ya mtoto aliyenyonya akashiba.

Nikasimama nyuma yake, nikavaa sauti ile ninayokwenda nayo kwenye nyumba za watu.

"Hodi hapa, wenyewe."

"Karibu, mama," Tindwa akasema, mdomo umejaa. Akageuka, akasogeza bakuli. "Karibu chakula."

Kule nyuma boksi likawekwa chini polepole.

"Tindwa," Sajini Lipembe akasema.

"Naam, Sajini."

"Umeitikia."

"Nimeitikia nini?"

"Hodi. Huyu mama amepiga hodi kwenye gari. Umemwambia karibu, mara mbili."

Tindwa akacheka. Akamtazama Sajini, akaona hacheki, akaacha. "Nilikuwa nakula, Sajini. Mtu amenikuta nakula. Ningemwambiaje?"

"Sijui ungemwambiaje. Najua kilichoandikwa." Sajini akagonga ubavu wa gari kwa kidole, palepale penye maneno. "Vilivyomo humu ni vyako. Vyote. Samahani, ndugu yangu, ni utaratibu. Weka bakuli chini lisimwagike."

Akaanza na viboko, maana vilikuwa juu. Vilikuwa vya mwalimu wa hesabu na vya wazee wa kanisa. Tindwa alikimbia mara moja, akazungukia mbele ya gari, akajikwaa kwenye ndoo, na hakupata nafasi ya kukimbia tena. Milango ya mtaa ikaanza kufunguka. Watu wakatoka, watu ambao walikuwa hawajasimama nje bila zamu kwa muda mrefu. Hakuna aliyeshangilia. Walisimama na kutazama, kama wanavyotazama mvua.

Kukaja nyundo. Sajini aliijaribu kwenye goti, akaitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kukaja sufuria la shughuli, la aluminiamu, likabonyea. Sajini akasema hili ni bovu, kiwanda kitaandikiwa. Damu ikaingia kwenye wali. Fundi cherehani, ambaye Bi Mize alimpokelea viboko, akauliza kwa upole kama pasi aliyoagiza imo.

"Imo," Sajini akasema. "Ngoja tutafute mkaa."

Nikachuchumaa pale Tindwa alipolala. Jicho moja lilikuwa limefumba, jingine lilinitafuta.

"Mama," akasema, "waambie hukunipigia mimi."

"Nilikupigia wewe."

"Ulijuaje nitaitikia?"

"Ulikuwa unakula, nikapiga hodi. Ungefanyaje?"

Akafikiri, na damu inamtoka puani. "Ningeitikia tu," akasema. "Nyumbani usipoitikia mama anakunyima chakula."

"Kuna vidonge humo ndani, Tindwa. Vya mwanangu. Sasa ni vyako. Ukinipa vitakuwa zawadi."

Sajini Lipembe alikuwa anapuliza mkaa. Tindwa akamtazama, akanitazama. Sikumwambia kwamba nitamwombea msamaha, maana nisingemwombea.

"Sajini," akasema, "vile vidonge mpe huyu mama. Nampa. Zawadi."

Sajini akasimama na pasi mkononi. Nilimwona anaipitia sheria kichwani, midomo inacheza. Uso wake ukaingia huzuni, kama mtu aliyenyimwa kitu mezani.

"Zawadi haijaribiwi," akasema. Akapanda garini, akatafuta, akaniletea pakiti kwa mikono miwili. "Hongera, mama. Tindwa, geuka, ndugu yangu, nipate mgongo."

Nikaondoka na dawa zangu kifuani. Nilisikia pasi ilipogusa. Nilisikia na yaliyofuata, maana gari lilikuwa limejaa, na pale ndani, chini kabisa, kulikuwa na mchi.

*

Siwatu alimeza, akaacha kuanguka.

Serikali ilitoa ufafanuzi kwamba hakuna mtumishi aliyekufa, isipokuwa mteja mmoja, ambaye alipokea mizigo mingi kuliko mtu yeyote katika historia ya Shirika. Marehemu Tindwa akapewa nishani ya Mteja Bora. Mheshimiwa Waziri alimvika mama yake, akamwambia ajivunie malezi yake. Sajini Lipembe akapandishwa cheo, yuko makao makuu, anajaribu Wajaribu.

Kisha sheria ikatengenezwa. Wafikishaji wote walipelekwa kambini kufundishwa kutokuitikia. Wanakalishwa mezani, wanapewa chakula, mtu anapiga hodi nyuma yao, na anayetamka karibu hatoki mzima. Wanaorudi, hata ukiwaita majina yao, hawaitikii. Shuleni nako kuna somo lake. Mwalimu anasimama nje ya darasa, anapiga hodi kwa sauti tamu, na mtoto anayeitikia anachapwa mbele ya wenzake. Siwatu ni wa kwanza darasani.

Juzi alikuja shangazi yake kutoka kwao Baba Siwatu, ametembea siku nzima kwa kujificha, ameleta habari za mgonjwa na ndizi za mtoto. Nilikuwa bombani. Alipiga hodi, akapiga, akaita mpaka jina la mtoto. Nilimkuta njiani anarudi, analia, anasema tumemkataa; akanipa zile ndizi, akakataa kurudi nami.

Nikaingia ndani. Siwatu alikuwa chini ya meza, katikati ya yale matambara, ameziba mdomo kwa mikono miwili. Macho yalikuwa yamemtoka.

"Sikuitikia, mama," akasema.

Nikamwambia vizuri, mwanangu. Nikampa ndizi. Nikaenda jikoni nikageukia ukuta, ule wa upande wa Bi Mize.

Haya ndiyo ya kuepuka, mama mwenzangu. Yabandike mahali watoto wanapoona.

Usiagize mchi, shoka, nyundo, pasi, wala chochote chenye makali, uzito au moto.

Usiagize dawa bila kuwaza watakachokufanya ili waone inatibu.

Usilalamike kwamba kitu ni kibovu.

Usiseme umeridhika tu. Sema sana.

Usitoke mlangoni siku ya zamu, hata ukisikia kitu kimeanguka ndani. Kama utatoka, jua jirani yako ni nani.

Usikae na jirani mwenye adabu kama unampenda.

Usile mlango ukiwa wazi.

Usipige hodi kwa ndugu yako. Tupa kijiwe.

Ukisikia hodi, usiitikie. Hata kama sauti unaijua.